Dar hadi Mbeya kwa baiskeli: barabara, bei, na ajali ya Ilula

Tangu nirudi, hakuna anayeniuliza kuhusu Kitonga wala baridi ya Makambako. Wote wanauliza jambo moja: nani alikuwa na kosa pale Ilula, mwenzetu wa mbio za baiskeli alipogongana na bodaboda? Nimekuwa nikijibu kwa simu, huyu kipande hiki na yule kile, na vipande vyenyewe vimeanza kunirudia vikiwa vimebadilika sura. Kwa hiyo nimekaa na daftari na picha nikapanga yote kuanzia mwanzo wa njia. Jina la mashindano sitalitaja, wala la mtu yeyote, kwa sababu jalada bado liko polisi.

Alhamisi: Kibaha – Morogoro

Wanasema Dar hadi Mbeya, lakini mbio zilianzia Kibaha. Hakuna mwenye akili anayeweza kuanzisha mbio Ubungo asubuhi ya siku ya kazi. Tuliondoka saa 11 na nusu alfajiri, taa za nyuma zikiwaka, na malori ya Zambia na Kongo tayari yakiwa barabarani. Barabara haikufungwa. Hilo lilisemwa wazi tangu mwanzo: tunakimbia katikati ya magari ya watu, na kila mmoja ajiangalie.

Kibaha hadi Chalinze ndipo roho huwa mkononi. Pembeni mwa lami kuna sehemu pana na kuna sehemu ambazo lami imekatika ghafla kama ngazi, na lori likikupita kwa karibu upepo wake unakuvuta kuelekea magurudumu. Ukija kupita huku mwenyewe bila msafara, ondoka kabla ya alfajiri na uwe umeshafika Chalinze saa 3 asubuhi. Baada ya hapo mabasi ya mikoani yanakuwa yameshatoka Dar yote kwa pamoja.

Chalinze nilikunywa supu ya ng'ombe kwa 3,000 na chapati mbili kwa 1,000. Karibu na Bwawani nilipata pancha ya mwiba. Fundi mmoja wa baiskeli, mzee aliyekuwa amekaa chini ya mwembe na beseni lake la maji, aliniziba bila kuniuliza ninatoka wapi. Nilipotoa elfu mbili akausukuma mkono wangu. "Nenda, mwanangu, wenzako wamekuacha." Nikamwachia tyubu yangu ya akiba, ambayo baadaye niliitamani sana.

Milima ya Uluguru ilianza kuonekana tukiwa Mikese, na Morogoro nilifika mchana nikiwa mtu wa katikati, si wa mbele wala wa mwisho. Jioni kulikuwa na kikao. Mratibu alitueleza habari za pikipiki mbili zenye bendera ambazo zingekuwa zinatangulia. Niliandika maneno yake kwenye daftari, na ninayanukuu kwa sababu yalikuja kugombaniwa: "Pikipiki ya bendera ikishakupita, ujue mbele kumeangaliwa." Hakuna aliyeuliza kumeangaliwa nini.

Ijumaa: Morogoro – Mikumi – Ruaha Mbuyuni

Hadi Doma hakuna la kusimulia isipokuwa jua. Kwenye mpaka wa Hifadhi ya Mikumi tulishushwa. Barabara kuu inakata hifadhi kwa karibu kilomita 50, na waandaaji hawakutaka simba aingie kwenye matokeo. Baiskeli zikapakiwa kwenye fuso, sisi tukapanda juu yake, na kipande hicho hakikuhesabiwa muda.

Anayepita Mikumi kwa basi usiku hulikosa lile bango la faini. Kila mnyama ameandikiwa bei yake kwa dola: ukimgonga twiga ni 15,000, swala ana yake, ngiri ana yake. Tulicheka sana juu ya fuso. Dada mmoja wa Arusha akauliza mwendesha baiskeli naye ni dola ngapi, na kijana wa Mwanza, aliyekuwa anaongoza mbio kwa dakika chache, akamjibu kwamba mwendesha baiskeli analiwa bure. Nina picha yao wawili chini ya bango hilo, wakikenua meno.

Baada ya mji wa Mikumi tulirudi kwenye baiskeli, tukapanda na kushuka vilima vya Iyovi, kisha tukaingia kwenye bonde la mibuyu. Ni pazuri kwa macho lakini ni tanuri. Chupa ya lita moja na nusu, iliyouzwa 1,000 Morogoro, huku ni 1,500 na haina ubaridi. Beba maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji.

Ruaha Mbuyuni ni vitunguu: vimepangwa mafungu, vimetundikwa kwenye nyavu, vimemwagwa kwenye maturubai. Ugali na samaki wa kukaanga 5,000, chumba 15,000, feni inafanya kazi ikipenda. Mama wa gesti aliona tulivyochoka, akatuchemshia maji ya kukanda miguu bila kuombwa, akaongeza chumvi.

Jumamosi: Kitonga, na Ilula

Kitonga tuliipanda asubuhi mapema. Kwa asiyepajua: barabara inajikunja ukutani mwa mlima, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine, malori yanapanda kwa gia ya kwanza yakitoa moshi mweusi. Kwa baiskeli unapanda kwa kasi ileile ya lori, kwa hiyo moshi huo ni wako mpaka juu. Dereva mmoja wa semitrela alinionea huruma, akanyoosha chupa ya maji dirishani huku gari likitembea. Tulitembea sambamba, tukazungumza habari za Tunduma. Nikiwa na nguvu ningemwuliza mengi zaidi.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika. Unapata ubaridi, miguu inafunguka, na barabara inakuwa ya kupanda na kushuka kwa wepesi kuelekea Ilula. Hapo tulikuwa watatu tunaopokezana kukaa mbele kukata upepo: kijana wa Mwanza mbele, dada wa Arusha wa pili, mimi wa tatu. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu mtu wa tatu haoni barabara. Anaona tairi la mbele yake na mgongo wa jezi.

Ilula ni nyanya. Zimejaa kando ya barabara kwenye ndoo, sado na matenga, na bodaboda wanazisomba kutoka mashambani. Pikipiki ya bendera ilitupita ikipuliza honi, ikatangulia. Dakika moja baadaye, labda mbili, nilisikia kijana akipiga kelele, "Kulia! Kulia!" Kwa lugha yetu maana yake ni kwamba anapita upande wa kulia. Kisha kishindo. Dada wa Arusha alikwepa kushoto akaingia vumbini bila kuanguka. Mimi nilibana breki zote mbili, nikasimama nikiwa nimekanyaga nyanya.

Bodaboda iliyobeba mama mmoja na matenga mawili ilikuwa mbele yetu, ikielekea tunakoelekea. Ilikata kulia kuingia kwenye njia ya nyumba, na kijana wa Mwanza alikuwa anaipita upande huohuo wa kulia. Mpaka hapo hakuna anayebisha. Yaliyobaki yote yanabishaniwa.

Watu wa Ilula walifika kabla sijaweka baiskeli chini. Sijawahi kuona wema wa haraka kiasi kile. Vijana wawili walisimamisha malori kwa kupunga mashati. Wengine walimbeba kijana wakamlaza kivulini, wakamvuta dereva wa boda, wakampa mama maji na kanga ya kujifuta. Watoto waliokota nyanya moja moja wakazijaza kwenye ndoo na kuzipanga mbele ya mwenyewe. Hata moja haikuibwa. Na pikipiki na baiskeli wakaziondoa kwenye lami, kwa sababu malori yalikuwa yanakuja na nani angeziacha pale zisagwe?

Trafiki alipofika, baada ya muda mrefu kidogo, hakukuwa na kitu barabarani isipokuwa madoa.

Ukipata ajali, au ukaishuhudia, piga picha kabla kitu hakijasogezwa. Picha mbili zinatosha, moja ya mbali na moja ya karibu, kisha ndipo msaidie kusogeza. Sisi watatu tulikuwa na simu tatu, na picha ya kwanza tuliyonayo inaonyesha pikipiki ikiwa imeshaegeshwa vizuri chini ya mti kwa stendi yake.

Hospitali ya hapohapo Ilula iliwapokea wote kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ikafuata baadaye. Kijana: mtulinga wa kulia umevunjika, picha ya eksirei haikuhitaji daktari kuisoma. Dereva wa boda: kifundo cha mguu kimevimba, goti limechubuka. Mama: michubuko ya kiwiko na mshtuko. Nilikaa naye kwenye benchi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanijaribu kwa Kihehe, "Kamwene," nami nikaitikia vilevile. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa lafudhi yangu.

Iringa tuliingia usiku kwa pikapu ya waandaaji.

Jumamosi usiku, Iringa

Chipsi mayai 3,500 karibu na stendi, na ubishi wa bure. Nusu ya waendesha baiskeli walikuwa wameshahukumu: bodaboda wote ndivyo walivyo. Nusu nyingine walisema huyo kijana huwa hapunguzi mwendo hata kwenye zebra.

Mzee wetu mmoja, mstaafu anayefuatilia Tour de France kuliko anavyofuatilia siasa, alitoa simu akatuonyesha ile ajali ya tarehe 26 Juni 2021, siku ya kwanza ya mashindano, kutoka Brest kwenda Landerneau. Mtazamaji ameshika kadibodi, ameigeuzia kamera ya televisheni, mgongo umeelekea msafara. Mwendesha baiskeli Tony Martin anaigonga, na nyuma yake makumi ya watu wanamiminika chini. Waandaaji wa Tour walisema watamshitaki mtazamaji huyo, baadaye wakaacha. Mahakama ya Brest ilimtoza faini ya euro 1,200 mwezi Desemba mwaka huohuo, na chama cha waendesha baiskeli kikapewa euro moja ya heshima.

"Pale dunia nzima iliona," mzee akasema, "na bado kesi ilichukua nusu mwaka. Nyie mna madoa ya nyanya."

Fundi wetu wa baiskeli akamjibu kwamba kama waandaaji wa Ufaransa wana pesa za helikopta ya kupiga picha, wangeweza kununua kamba za kuzuia watu. Nadhani hilo ndilo lililokuwa la maana zaidi usiku ule, ingawa lilisemwa na mtu mwenye chipsi mdomoni na hakuna aliyelishika. Yule mama wa kadibodi alikosea, hakuna ubishi. Lakini aliposimama pale hakuwepo mtu wa kumwambia rudi nyuma.

Jumapili: Ilula, kituoni

Ratiba ilikuwa na siku ya kupumzika, kwa hiyo mimi na dada wa Arusha tulipanda daladala kurudi Ilula, nauli 3,000. Dirishani tuliuona mnara wa Lugalo, pale Mkwawa alipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Kijana wa Mwanza tulimkuta kituoni, mkono umefungwa kifuani. Dereva wa boda alikuwepo na mwenye pikipiki, maana pikipiki si ya dereva. Ni ya mkataba, na hesabu ya siku hulipwa umeanguka hujaanguka. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja akitokea kanisani, na Biblia kwapani. Mratibu alifika wa mwisho, na faili.

Afande alikuwa na subira ambayo sikuitegemea. Alisema kila mtu atasema bila kukatizwa.

Kijana: boda ilikuwa vumbini kushoto kabisa, ikaingia barabarani ghafla na kukata. Alikuwa ameshaanza kuipita, alipiga kelele mara mbili, na pikipiki ya bendera ilikuwa imeshapita.

Dereva: alikuwa kwenye lami muda wote. Aliwasha indiketa, akatoa mkono, akatazama saiti mira, hakuona gari. "Afande, baiskeli haina mlio. Ningesikia nini? Na huyo wa bendera alinipita mimi pia. Hakuniambia simama, hakuniambia kuna watu wanakuja. Alipiga honi akaenda."

Afande akafungua ramani aliyoichora siku ya ajali. Alikuwa amepima kwa futi kutoka ukingo wa lami hadi kwenye madoa, na madoa yalikuwa upande wa kulia wa barabara. Kijana akasema hiyo inathibitisha kwamba alikuwa amemaliza kuhama upande, alionekana wazi. Dereva akasema hiyo inathibitisha kwamba yeye alikuwa amekaribia kumaliza kukata, aligongwa akiwa anatoka barabarani. Doa lilelile! Na wote tulijua kwamba malori kumi na zaidi yalishayakanyaga na kuyaburuta kabla ya futi kufika.

Kijana akatoa kifaa cha usukani wa baiskeli yake, kinachoandika mwendo kila sekunde. Sekunde chache kabla ya kugonga kilisoma kilomita 54 kwa saa, kisha 47, kisha sifuri. Alikitoa kwa fahari, kuonyesha kwamba alifunga breki. Mwenyekiti alishika 54 tu. "Hapa ni makazi ya watu. Magari yanatakiwa hamsini." Dada wa Arusha, ambaye kazi yake inamlazimu kusoma sheria, akasema kwa adabu kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inapotaja hamsini inataja chombo cha moto. Afande akamtazama. "Sawa, binti yangu. Kwa hiyo mtoto wa hapa akigongwa na baiskeli kwa hamsini na nne, tumwambie mama yake kwamba si chombo cha moto?"

Akaitwa dada huyohuyo kama shahidi. Mkono aliuona. Wa kulia, umetoka nje. "Ila sijui ulikuwa unaonyesha anakata au unashikilia tenga." Chumba kikanyamaza, maana hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Yule mama naye akasema alikuwa ameshika tenga kwa mkono wake, upande huohuo. Basi mkono ulioonekana ulikuwa wa nani?

Zamu yangu ilikuwa fupi. Sikuona mkono, sikuona indiketa. Nilisikia "Kulia" mara mbili, na kati ya kelele ya pili na kishindo hakukuwa na nafasi hata ya kuvuta pumzi. Kijana alinitazama kwa lawama, dereva naye hivyohivyo, kila mmoja alitaka niongeze kidogo.

Kisha afande akafanya kitu ambacho kilinifanya nimheshimu. Alitutoa nje wote, akaagiza matenga mawili matupu, akamwambia dereva ayafunge kama yalivyokuwa, kwa mipira ileile ya tyubu. Pikipiki ikawashwa, indiketa ya kulia ikawashwa. Ilifanya kazi. Tukasimama nyuma hatua ishirini. Taa haikuonekana, tenga limeifunika. Afande akamwambia kijana ainame kama anavyoinama kwenye usukani. Akainama, mkono mmoja kifuani, uso umekunjamana kwa maumivu. Kimya.

"Unaiona?"

"Naiona. Kidogo. Chini ya tenga."

Kila upande ukashangilia kana kwamba umeshinda.

Aliyesema jambo zito zaidi ni mama, na hakuna aliyemuuliza. Alisimama mwenyewe. "Mimi ndiye niliyemwambia kata. Tulikuwa tunapitiliza njia ya kwangu, nikampiga begani nikamwambia hapa, hapa! Alitaka kwenda mbele akageukie kwenye uwazi. Msimbebeshe huyu dereva, kijana wa watu, peke yake." Alijua kwamba akisema hivyo anaweza kukosa fidia ya nyanya zake. Akakaa, akafunga kanga vizuri.

Afande akamwambia, kwa upole, kwamba abiria husema mengi na dereva ndiye anayetazama nyuma. Lakini aliandika.

Mratibu alingoja hadi mwisho, akafungua faili. Fomu tuliyosaini wote ina kurasa tatu, na kwenye ya tatu kuna mstari unaosema kila mshiriki anashiriki kwa hatari yake mwenyewe na atatii sheria za barabarani. Pia alikuwa na barua ya kibali. Dada wa Arusha akaiomba. Ilitaja miji ambayo askari wangesimamisha magari: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya. Ilula haikuwemo.

"Kwa nini?"

"Ilihesabika kuwa kijiji."

Mwenyekiti akacheka kicheko kikavu. Siku ya ajali, tangu asubuhi, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amewaambia watu wa Ilula kwamba kuna mbio zinapita. Nilisoma kwa sauti yale maneno ya kikao cha Morogoro kutoka kwenye daftari, ujue mbele kumeangaliwa. Mratibu akasema aliyatamka kwa maana ya mashimo na ng'ombe. Inawezekana. Lakini watu wanaokimbia kwa kilomita hamsini waliyasikia kwa maana nyingine, na dereva wa boda hakuyasikia kabisa, ilhali yeye ndiye aliyeyahitaji zaidi.

Mtazamo wangu ni huu, na nimeshamwambia kijana, hajapendezwa: wawili wale waligongana kwa sababu kila mmoja aliamini barabara ni ya kawaida kwake. Kwa mmoja zilikuwa mbio, kwa mwingine ilikuwa Jumamosi. Aliyejua kwamba ni vyote viwili kwa wakati mmoja alikuwa mtu mmoja tu, mwenye faili.

Mchana mwenyekiti alituhamishia uani kwake tuzungumze kienyeji. Tulikula ugali na mboga za maboga, na yule mama akatuletea nyanya. Waendesha baiskeli tulichanga 5,000 kila mtu kwa simu. Mama alitaka 60,000 kwa matenga mawili, akakubali 50,000. Waandaaji walilipa hospitali, 140,000 kwa wote, mratibu akisisitiza kwamba ni ubinadamu na si kukiri. Matengenezo ya pikipiki yalikadiriwa 85,000, tukachangia nusu. Fremu ya baiskeli ya kijana imepasuka, na bei yake inanunua bodaboda mpya. Aliposema hivyo, mwenye pikipiki alimwomba arudie, akidhani hakusikia vizuri.

Karatasi ya maelewano ndiyo iliyokwama. Ya kwanza ilisema dereva amekosea kwa kukata ghafla. Dereva akaikataa, kwa sababu mwenye pikipiki angeitumia kuvunja mkataba. Ya pili ilisema kijana amekosea kwa kupita penye mstari usiokatika. Kweli mstari upo, umefifia kiasi kwamba ilibidi tutoke na kwenda kuukagua. Kijana akaikataa, kwa sababu bima yoyote atakayoidai ingemtolea karatasi hiyo. Ya tatu haikumtaja mkosaji. Wote waliikubali isipokuwa afande, aliyesema ajali yenye mtu aliyevunjika mfupa haiwezi kuandikwa imejitokeza yenyewe.

Kwa watakaokuja: PF3 ni bure, asikudanganye mtu. Weka nakala ya kila karatasi kwa picha ya simu kabla hujaondoka kituoni. Na kama baiskeli yako ni ya thamani, ulizia bima mapema, kabla ya safari. Bima ya lazima ya pikipiki inamhusu aliyeumizwa na pikipiki, na bila ripoti ya polisi inayosema nani mkosaji utazungushwa mpaka uchoke.

Jumatatu na Jumanne: Iringa – Makambako – Mbeya

Kijana alipanda basi kurudi Mwanza. Sisi tuliobaki tulipita Mafinga katikati ya misonobari, mikono imekufa ganzi asubuhi, tukalala Makambako kwa upepo ambao unapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Chukua sweta, hata kama Dar wanakucheka. Chumba 20,000 na maji ya moto ya ndoo.

Siku ya mwisho ni mteremko mrefu kwenda Igawa, tambarare ya Chimala, wali wa Usangu na maharage kwa 3,000 ambao nitaukumbuka kuliko medali, halafu kupanda tena hadi Uyole. Kwenye kila kijiji baada ya Iringa, pikipiki ya bendera ilikuwa inasimama na kumwambia kila bodaboda asubiri. Ilichelewesha mbio, na wapo waliolalamika.

Mbeya hadi Dar kwa basi: baiskeli inalipiwa 15,000 juu ya nauli. Konda ataanza na 30,000.

Tangu turudi

Dereva wa boda amerudi kazini. Aliniandikia ujumbe kuuliza kama nitaweza kuja kama shahidi endapo mwenye pikipiki atamshitaki. Nimemwambia nitakuja, na nitasema yaleyale, ambayo hayatamsaidia sana. Kijana wa Mwanza ameandikwa "hakumaliza" na amekata rufaa kwa waandaaji, akitaka muda wake uhesabiwe hadi pale Ilula. Wamemjibu kwamba kanuni hazina kipengele cha hivyo. Mama wa nyanya amemtumia dada wa Arusha picha ya mkono wake ukiwa umepona.

Jalada halijafungwa. Waandaaji wametoa fomu ya mwakani, na Ilula sasa imo kwenye orodha ya miji. Ule mstari wa "kwa hatari yake mwenyewe" umetolewa ukurasa wa tatu na kuwekwa wa kwanza, kwa herufi kubwa.